-ing au to? Kuchagua kati ya jerandi na infinitivu katika Kiingereza

Tunasema *nataka kusoma*, *nimemaliza kusoma*, *kusoma kunachosha*, *aliondoka bila kusoma*, na neno *kusoma* halibadiliki hata herufi moja. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maumbo mawili na kinakudai uchague: *I want to read*, lakini *I have finished reading*. Ukiandika *I want reading* au *I have finished to read*, sentensi inaharibika ingawa kila neno ndani yake umeliandika sawasawa.

Ndiyo maana kosa hili huwaandama hata watu waliokwisha kuandika Kiingereza miaka mingi. Lugha yetu haikutuzoesha kuisikia tofauti hiyo. Tiba inayotolewa mara nyingi ni orodha: hapa vitenzi vinavyofuatwa na -ing, pale vinavyofuatwa na to, kariri. Orodha zina msaada wake, lakini mtu hukariri leo na wiki ijayo zimechanganyika. Naamini kuna njia iliyo bora zaidi kwa msemaji wa Kiswahili, na imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Nitaifikia baada ya kuyaweka maumbo haya mawili ubavu kwa ubavu.

Maumbo yenyewe

Jerandi ni kitenzi kilichoongezwa -ing kikapewa kazi ya nomino: *reading*, *swimming*, *being late*. Infinitivu ni kitenzi kisichoongezwa kitu mwishoni, kikatanguliwa na *to*: *to read*, *to swim*, *to be late*. Yote mawili hubaki na damu ya kitenzi. Huchukua yambwa, kama *reading the letter* na *to read the letter*. Hukanushwa kwa kutanguliza *not*: *not reading*, *not to read*. Huingia katika kauli ya kutendwa: *being read*, *to be read*. Hata tendo lililokwisha huonyeshwa kwa yote mawili: *having read*, *to have read*.

Kwa tahajia, *to* ni rahisi, kwa kuwa kitenzi hakiguswi. Jerandi ina mambo yake: *make* hupoteza e na kuwa *making*, *run* huongeza n na kuwa *running*, *lie* hugeuka *lying*, *panic* hudai k na kuwa *panicking*. *Dye*, yaani kutia rangi nguo, hubaki na e yake katika *dyeing* ili isichanganywe na *dying*. *Travelling* ni ya Uingereza, *traveling* ni ya Marekani.

Tofauti kubwa iko katika mwelekeo. *To* ilianza ikiwa kihusishi cha kuelekea mahali, na harufu hiyo haijaisha: hulitazama tendo kutoka mbali, kama jambo ambalo mtu anaelekea kulifanya. -ing hulishika tendo kama kitu kizima kilichopo, kiwe kinatendeka, kimetendeka au kinazungumzwa kwa jumla. Wengi hufupisha hili kwa kusema *to* ni ya wakati ujao na -ing ni ya wakati uliopita. Ufupisho huo unapotosha, na tutaona ni wapi.

Neno moja kuhusu -ing ya *I am reading* na ya *a sleeping child*. Hiyo si jerandi. Wanasarufi huiita patisipo. Katika Kiingereza cha Kale maumbo hayo yalitengana kabisa: nomino iliishia na -ung au -ing, patisipo iliishia na -ende, yakaja kufanana katika Kiingereza cha Kati. Leo wapo wataalamu wanaoona hakuna haja ya kuyatenga tena. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, waliyaweka chini ya jina moja. Kwa anayetafuta kuchagua kati ya -ing na *to*, mjadala huo hauna uzito. Usikupotezee usingizi.

Mahali ambapo umechaguliwa tayari

Baada ya kihusishi, andika -ing. Kanuni hii ni imara kuliko zote katika mada nzima: *without saying goodbye*, *before leaving*, *by working hard*, *instead of waiting*, *good at explaining*, *tired of arguing*. Kipekee kinachofaa kukumbukwa ni *but* na *except* zenye maana ya "isipokuwa", ambazo hufuatwa na kitenzi kitupu: *We could do nothing but wait*.

Mtego uko kwenye *to* yenyewe, kwa sababu kuna *to* ya infinitivu na kuna *to* iliyobaki kihusishi. *I look forward to hearing from you* ndiyo sahihi, na *look forward to hear* ni kosa linaloonekana mwishoni mwa barua za maombi ya kazi karibu kila mahali. Kuzitambua si kazi ngumu: weka nomino ya kawaida baada ya *to*. *I look forward to the meeting* inasimama, kwa hiyo hapo *to* ni kihusishi na kitenzi kitakachofuata kitavaa -ing. *I want to the meeting* haisimami, kwa hiyo hiyo ni *to* ya infinitivu. Kwa kipimo hicho utazipata pia *object to*, *be committed to*, *in addition to* na *be used to*. Hii ya mwisho ina pacha wake wa hatari. *I am used to working at night* ni "nimezoea kufanya kazi usiku". *I used to work at night* ni "zamani nilikuwa nikifanya kazi usiku", na huenda sasa hufanyi tena.

Kwa kueleza kusudi la mtu, andika *to*: *I came to help*. Hapa Kiswahili hutuponza, maana "nimekuja kwa ajili ya kusaidia" hutuvuta tuandike *I came for helping*. *For* na -ing zina kazi nyingine. Hueleza matumizi ya kitu, kama *a knife for cutting paper*, au sababu ya shukrani, lawama na radhi: *He apologised for shouting*. Kelele zilishapigwa, kusudi halimo.

Mwanzoni mwa sentensi, palipo na kiima, yote mawili yanaruhusiwa, nami sisiti kupendekeza -ing. *Learning a language takes time* inasomeka kwa urahisi. *To learn a language takes time* si kosa, ila ina uzito wa methali na hotuba. Ukiipenda *to*, isogeze nyuma na uanze na *it*: *It takes time to learn a language*. Na ukishachagua upande, usihame katikati. *Seeing is believing* ni sawa, *to see is to believe* ni sawa, lakini *seeing is to believe* inachechemea.

Baada ya vivumishi vingi ni *to*: *easy to understand*, *ready to start*, *happy to help*. *Worth* na *busy* hudai -ing, vivyo hivyo *it's no use*: *worth reading*, *busy cooking*, *it's no use complaining*.

Baada ya kitenzi kingine: kipimo cha -e

Hapa ndipo penye mateso yote, na ndipo Kiswahili kinapoweza kutuokoa. Chukua sentensi yako ya Kiswahili yenye *ku-*. Jaribu kuiondoa *ku-* hiyo na kuweka umbo la *niende, usome, aje*, yaani lile linaloishia na -e, au umbo la -ta-. Sentensi ikikubali na maana ikabaki ileile, kwa Kiingereza andika *to*. Ikikataa, andika -ing.

| Kwa ku- | Ukijaribu -e au -ta- | Kwa Kiingereza |
|---|---|---|
| Nataka kuondoka | Nataka niondoke: inakubali | I want to leave |
| Ameamua kurudi | Ameamua arudi: inakubali | She has decided to return |
| Ameahidi kuja | Ameahidi atakuja: inakubali | He has promised to come |
| Tunatumaini kushinda | Tunatumaini tutashinda: inakubali | We hope to win |
| Wamemaliza kuandika | Wamemaliza waandike: inakataa | They have finished writing |
| Anaepuka kusema | Anaepuka aseme: inakataa | She avoids talking |
| Alikana kuiba | Alikana aibe: inakataa | He denied stealing |
| Nafurahia kuimba | Nafurahia niimbe: inakataa | I enjoy singing |
| Wameahirisha kusafiri | Wameahirisha wasafiri: inakataa | They have postponed travelling |

Kinachofanya kipimo hiki kifanye kazi ni kwamba -e na -ta- huzungumzia tendo ambalo halijawa, linalotakiwa au kusubiriwa, na huko ndiko *to* inakotazama. Mstari wa mwisho wa jedwali unafaa kutazamwa kwa makini. Safari iliyoahirishwa iko mbele, tena mbele zaidi kuliko ilivyokuwa. Anayetegemea ule ufupisho wa "to ni wakati ujao" ataandika *postponed to travel* na atakosea. Sikio la Kiswahili halikosei hapo: kuahirisha hulishika tendo kama kitu kilichokwisha kupangwa, kinachosogezwa kutoka siku moja hadi nyingine, na kitu ni mambo ya -ing.

Kipimo kina mipaka, na kuificha kungekuwa kukudanganya. Kundi la kwanza la ukaidi ni *suggest*, *recommend*, *consider* na *imagine*. Kwa Kiswahili "napendekeza tuondoke" ni sahihi kabisa, ila kwa Kiingereza ni *I suggest leaving*, kamwe si *I suggest to leave*. Anayependekeza huliweka wazo mezani kama kitu cha kutazamwa, na *consider* ni kukitazama kitu hicho. Kwa bahati nzuri *suggest* na *recommend* zina mlango wa pili unaolingana sana na -e yetu: *I suggest that we leave*, *I recommend that he wait*, ambapo *wait* haichukui s hata baada ya *he*. Ukisahau -ing, pitia mlango huo.

Kundi la pili huenda kinyume: *manage*, *fail*, *learn*, *refuse*, *tend*, *seem*, *afford*. Kwa Kiswahili hayapokei -e. Husemi "nimefanikiwa niufungue mlango" wala "amejifunza aogelee". Hata hivyo Kiingereza kinataka *to*: *I managed to open the door*, *she learned to swim*. Katika yale matatu ya kwanza naona mantiki iliyo wazi. Yanahusu juhudi iliyokuwa inaelekea mahali, iwe ilifika au iliishia njiani, na *to* inaonyesha mahali hapo. Mengine yanataka kukaririwa tu, na ni machache. Angalia pia kwamba *succeed*, ingawa maana yake ni jirani ya *manage*, huja na *in*, na kihusishi kikishaingia, kanuni ile imara inashika: *I succeeded in opening the door*.

Kuna vitenzi vinavyobadilika kutegemea kama mtu ametajwa. *The doctor advised resting* haina mtu. *The doctor advised me to rest* inaye. *They don't allow parking here*, lakini *they don't allow us to park here*. Sikiliza Kiswahili chake: "alinishauri nipumzike", "hawaturuhusu tuegeshe". Mtu akishatajwa, -e inajitokeza yenyewe, na *to* nayo hivyo hivyo.

Vitenzi vinavyokubali yote mawili, na maana ikageuka

*Stop* ndicho maarufu. *He stopped talking*: aliacha kuongea, kukawa kimya. *He stopped to talk*: alisimama ili aongee, mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Hiyo "ili" pamoja na -e yake inakuonyesha *to* ilipo.

*Remember* ni mzuri zaidi kwa kuonyesha jinsi sarufi yetu inavyoziona pande zote mbili. *I remember locking the door* ni "nakumbuka nilifunga mlango". *Remember to lock the door* ni "kumbuka ufunge mlango". Tukitumia *ku-* tupu, "nakumbuka kufunga mlango", msikilizaji anaweza kubabaika. Tukitumia kitenzi kamili, -li- inaita -ing na -e inaita *to*. *Forget* hufuata njia hiyohiyo: *I forgot to send the letter*, barua haikwenda, *I will never forget seeing the sea for the first time*, bahari niliiona na haitanitoka. *Regret* vilevile: *I regret saying that*, najuta kwamba nilisema. *We regret to inform you* ni lugha ya barua rasmi, na habari mbaya bado iko njiani kuja. Nje ya *inform*, *say* na *tell*, mara chache utakutana nayo.

*Try* unastahili uangalifu zaidi, maana "jaribu" yetu inabeba maana zote mbili bila kuzitenga, na kipimo cha -e hakitoi jibu la kuaminika. Linganisha:

*I tried to open the window, but it was stuck.*
*I tried opening the window, but the room was still hot.*

Katika ya kwanza dirisha halikufunguka. Juhudi ilifanyika, tendo halikufanyika. Katika ya pili dirisha lilifunguliwa bila shida, ila halikuleta nafuu iliyotafutwa. Basi jiulize: tendo lenyewe ndilo lililokuwa gumu, au lilikuwa jepesi na kinachopimwa ni matokeo yake? Gumu huchukua *to*. Jaribio la kuona kitatokea nini huchukua -ing. Anayemshauri mwenzake mwenye kompyuta iliyoganda husema *try restarting it*, kwa sababu kuiwasha upya hakumshindi mtu. Kisichojulikana ni kama kutasaidia.

*Go on* na *mean* hazina utata ukishaziona mara moja. *She went on speaking*: aliendelea kusema. *She went on to speak about money*: alimaliza jambo moja, kisha akageukia fedha. *I mean to finish today*: nakusudia kumaliza leo. *This means starting again*: maana yake ni kuanza upya.

*Need* ina kijaribu cha pekee kwa Mswahili. Tunasema "chumba kinahitaji kusafishwa", kauli ya kutendwa. Kiingereza kinaweza kusema *the room needs to be cleaned*, nayo ni ya kutendwa, au *the room needs cleaning*, ambayo kwa sura si ya kutendwa ingawa maana ni hiyohiyo. *Needs being cleaned*, ambayo hutoka moja kwa moja kwenye "kusafishwa" yetu, si sahihi.

Kuhusu *like*, *love*, *hate*, *begin*, *start* na *continue*, usijisumbue sana. Mara nyingi lolote linafaa. Ninayoyaangalia ni matatu. *Would like* huchukua *to* daima. Kitenzi kikuu kikiwa tayari na -ing, cha pili hupewa *to*, ndiyo maana ni *it is starting to rain*. Na vitenzi vya hali, kama kuelewa na kujua, hupendelea *to*: *I began to understand*.

Kuimba kwake: anayetenda ni nani?

Jambo moja linaitofautisha jerandi na infinitivu kuliko yote, nalo ni namna ya kumtaja mtenda. Kwa Kiswahili *ku-* ikiwa nomino huingia katika ngeli yake na kuvuta viambishi vyake: "kuimba kwake kunanifurahisha", "kuchelewa kwenu kulituudhi". Popote unapoweza kuweka *kwangu*, *kwako* au *kwake* bila kuipinda maana, Kiingereza chake ni -ing na kimilikishi: *his singing pleases me*, *your being late annoyed us*. Infinitivu haimilikiki. Mtenda wake huletwa na *for*: *It is time for him to sing*.

Lakini jerandi ikiwa baada ya kitenzi au kihusishi, utasikia namna mbili: *I don't mind your singing* na *I don't mind you singing*. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliishambulia ile ya pili kwa ukali. Otto Jespersen, mwanasarufi wa Denmark, alimpinga kwa kuonyesha kwamba waandishi wenye heshima walikuwa wakiitumia tangu zamani. Matumizi ya leo yamempa Jespersen haki, nami niko upande wake, ila si kila mahali.

Jerandi ikianza sentensi katika maandishi, weka kimilikishi: *My leaving surprised them* ina staha ambayo *me leaving* haina. Katika barua rasmi, *We appreciate your coming* ni salama. Mazungumzoni, *Do you mind me asking?* haitamkera mtu. Na mtenda akiwa kitu kisicho na uhai, au fungu refu la maneno, achana kabisa na kimilikishi: *There is no chance of the rain stopping*. Kuandika *the rain's stopping* hapo ni kuitwisha sentensi mzigo ambao hakuna msomaji aliyeuomba.